Tengeneza nyasi na vichaka vya treni ya modeli kwa sponji kuukuu

Kwenye reli ya modeli (treni ndogo za kuigiza zinazopita mezani kwenye mandhari unayoitengeneza) wengi tunadhani treni ndo italamba hela, kumbe ni vile vipakti vya nyasi bandia, unamwaga kimoja mezani hakijafunika hata kona. Na ukiishika ile nyasi ukaiangalia vizuri ni sponji tu iliyosagwa ikatiwa rangi, sasa hiyo si unasaga mwenyewe.

Unahitaji sponji (ya godoro lililochoka au ya kwenye kiti kilichopasuka, ila iwe laini), blenda ya zamani, rangi ya maji, chekecheo mbili tatu zenye matundu tofauti, gundi nyeupe ya mbao na chupa ya kupulizia. Blenda ukishaisagia sponji isirudi jikoni tena, nasema mapema ili usije ukagombana na watu nyumbani.

Hatua ya 1: kata sponji vipande vya kama sentimita 2, toa ngozi yote ngumu ya juu maana haisagiki.

Hatua ya 2: saga na maji. Jaza jagi nusu maji, tia vipande vichache, washa sekunde chache zima, washa tena zima. Mimi mara ya kwanza nilisaga kavu, sponji ikawa inaruka tu juu ya visu huku mota inanuka kuungua, na lile vumbi ukilivuta utakohoa mpaka jioni. Ikishakuwa chenga kamua kwenye kitambaa.

Hatua ya 3 ni rangi, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanachukua kijani cha kwenye kopo wanatia hivyo hivyo afu meza nzima inakuwa kama kapeti. Nyasi ya kweli ina njano na kahawia ndani yake, kwa hiyo kijani chako kitilie kahawia kidogo mpaka kipoe. Mimi natengeneza mafungu manne: kijani cha kukolea, kijani cha kati, kijani cha njano na moja la rangi ya majani makavu, hili la mwisho ndo linalofanya yale mengine yaaminike. Zimua rangi na maji, tumbukiza chenga, finyanga kwa mkono wenye glovu mpaka rangi iingie ndani, kamua, tandaza kwenye gazeti. Siku moja au mbili, uwe unageuza. Usihukumu rangi ikiwa bado mbichi, inadanganya, subiri ikauke kabisa.

Hatua ya 4: chekecha. Zinazopita kwenye tundu dogo ni nyasi, za kati ni vichaka, kubwa ni majani ya miti. Hesabu ya skeli ni muhimu hapa, skeli ni kiasi modeli ilivyopunguzwa kulinganisha na kitu cha kweli: kwenye saizi ya HO (1:87, yaani ndogo mara 87) punje ya milimita 1 ni kama sentimita 9 za kweli, hiyo nyasi ya kawaida tu, lakini punje ya milimita 5 ni sentimita 43 na ushee, hicho ni kichaka tayari. Kwa saizi ndogo zaidi ya N (1:160) milimita hizo hizo 5 zinakuwa sentimita 80, kwa hiyo wa N chekecha zaidi.

Vumbi la mbao nalo linatiwa rangi hivyo hivyo, ila mimi nalitumia chini tu kama udongo, juu linaonekana bapa, halishiki kivuli kama sponji.

Kubandika: paka ardhi rangi ya kahawia kwanza ili pakibaki upenyo pasionekane peupe, pakaa gundi, nyunyiza laini kwanza, kisha mabaka ya rangi nyingine, kisha vichaka. Pulizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo (bila sabuni gundi inakaa juu kama vishanga, haizami), halafu dondoshea gundi iliyozimuliwa nusu kwa nusu na maji. Itakuwa nyeupe inatisha, usiiguse, ikikauka haionekani. Reli funika na tepu, na kwenye zile suichi za kubadilishia njia usisogeze gundi kabisa, zikiganda hazichezi tena.

Kesho yake vuta zilizolegea kwa mashine ya kufyonza vumbi, ila mdomo wa bomba lake uuvalishe soksi nyembamba, zile chenga zinabaki kwenye soksi unazirudisha kwenye kopo.