Kuomba kuwa mteja wa kitaalamu Ulaya: piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Maombi haya, ya mteja wa kawaida anayetaka dalali amhesabu kuwa mjuzi na hivyo kumpa kinga chache, hupita mezani kwangu karibu kila wiki, na mengi hukwama kwenye sarafu za kidijitali.

Hatua ya 1: Unanunua nini?
Kama ni Bitcoin yenyewe tu, achana na fomu. Kanuni ya MiCA, inayowabana watoa huduma za sarafu hizo tangu 30 Desemba 2024, haina daraja la kuomba namna hii. Daraja hili ni la MiFID II, sheria ya Ulaya ya masoko ya uwekezaji: hisa, hati fungani, na CFD, ile mikataba ya kubashiri tofauti ya bei.

Hatua ya 2: Timiza vigezo viwili kati ya vitatu
Uwe umefanya miamala mikubwa, wastani wa 10 kila robo mwaka, kwa robo nne zilizopita. Au mali yako ya kifedha izidi euro 500,000. Au uwe umefanya kazi sekta ya fedha angalau mwaka mmoja, kwenye nafasi inayodai ujuzi wa biashara hiyo hiyo unayoiomba.

Hatua ya 3: Hesabu mali
Hapa ndipo watu hununa. Mmoja aliniletea picha ya skrini: euro 620,000. Kutazama vizuri, 400,000 ni Bitcoin. Kinachohesabiwa ni akiba ya benki na vyombo vya fedha, kama hisa na hati fungani. Bitcoin haimo, nyumba haimo. Zikabaki 220,000. (Picha ya skrini nayo hatupokei. Lete taarifa ya benki na ya dalali, zenye jina lako.)

Hatua ya 4: Maandishi
Unaandika ombi. Dalali anakupa onyo la maandishi kuhusu kinga utakazopoteza. Kisha unatia saini kwamba umeelewa, kwenye hati iliyo kando na mkataba. Hata hapo lazima akupime ujuzi, na anaweza kukukatalia.

Hatua ya 5: Kabla ya saini
Mteja wa rejareja, yaani wa kawaida, anayecheza CFD za sarafu kubwa kama euro na dola hushika biashara isiyozidi mara 30 ya dhamana yake, yaani fedha aliyoiweka. Za sarafu za kidijitali, mara 2. Tena hadaiwi zaidi ya kilichomo kwenye akaunti. Ukishapanda daraja, vyote viwili si haki yako tena. Bei ikiruka usiku umelala, asubuhi unaweza kuamka na deni. Kuomba urudishwe rejareja inawezekana, ila deni hilo utalilipa.