Filamu za nyuki kwa familia: kuchagua, kutafsiri na kuonyesha uani

Kabla ya kuchagua filamu, jiulize: mdogo kuliko wote atakayekuwepo ana miaka mingapi? Jibu hilo ndilo linalochagua, wala si picha ya nyuki anayecheka juu ya kasha.

Kwa watoto wa miaka minne hadi saba, anza na Maya the Bee Movie ya 2014, katuni ya Ujerumani na Australia. Jeli ya malkia, yaani chakula maalumu cha malkia wa nyuki, inaibwa, manyigu wanasingiziwa, na Maya anatafuta ukweli. Haichoshi, kwa kuwa haifiki saa moja na nusu. Zipo pia mbili za kuendeleza, ya 2018 na ya 2021. Wakiuliza kama manyigu ndio adui mkuu wa nyuki, waeleze kuhusu siafu na nyegere, kwani ndio wanaowasumbua wafugaji wetu. Kisha uwaonyeshe kwa nini nguzo za mzinga hupakwa grisi.

Wenye miaka saba na kuendelea watapenda Bee Movie ya 2007, ambamo nyuki aitwaye Barry anawashitaki wanadamu kwa kuiba asali. Inachekesha kweli, lakini hii ndiyo inayohitaji kusahihishwa kuliko zote. Barry ni dume, ana mwiba, na madume wenzake ndio wanaotoka kuleta chavua. Katika mzinga halisi vibarua, yaani nyuki wafanyakazi, wote ni majike. Dume hana mwiba, haleti mbochi (maji matamu ya maua) wala chavua. Kazi yake ni kupandana na malkia angani, na akishapandana hufa. Waambie pia siku za kukua tangu yai: malkia 16, kibarua 21, dume 24. Watoto hushika namba hizi upesi na kuwatangazia wenzao.

Kosa la pili liko mwishoni, pale chavua ya mawaridi inapofufua mimea ya kila aina. Chavua ya waridi haiwezi kurutubisha ua la boga. Simamisha picha hapo, kisha uliza ni vyakula gani vya nyumbani vinavyohitaji nyuki. Maboga na alizeti vinawahitaji sana. Kahawa ya robusta haijirutubishi kwa chavua yake yenyewe, hivyo upepo na nyuki huisaidia. Matoke hayahitaji nyuki kabisa, kwa kuwa ndizi hutunga bila kurutubishwa. Usiwatishe watoto kwamba bila nyuki chakula chote kitakwisha. Ukweli wenyewe unatosha.

Honeyland (2019), ya kweli kutoka Makedonia Kaskazini, ni bora kuliko zote kwa watoto wa miaka kumi na zaidi. Mwanamke mrina asali huchukua nusu na kuwaachia nyuki nusu. Jirani mwenye tamaa anavuna kupita kiasi na makundi ya nyuki yanaharibika. Mrina yeyote wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ataelewa bila mkalimani. Ina kifo cha mama mzee na ndama wanaokufa, kwa hiyo kaa karibu na watoto. The Secret Life of Bees (2008) iweke hadi miaka 13: mna mtu anayejiua na watu wanaopigwa kwa sababu ya rangi yao.

Lugha isikukwamishe. Fanya kama VJ wa kibanda cha video, yule anayetafsiri filamu kwa sauti huku ikionyeshwa, ila kwa Kiswahili na kwa utulivu. Itazame filamu peke yako kwanza, uandike dakika za kusimamisha, sita au saba tu. Zikizidi, watoto huanza kucheza. Amua mapema maneno yako (malkia, kibarua, dume, sega, mbochi, chavua) na usiyabadilishe katikati. Sema wakati wa muziki, si juu ya mazungumzo. Kama una faili la maandishi ya chini, lipe jina lilelile la faili la filamu na uyaweke kwenye folda moja, la sivyo hayataonekana. Picha ikicheza bila sauti, mara nyingi sauti imefungwa kwa DTS, aina mojawapo ya mfumo wa sauti, na televisheni haiisomi. Ndiyo maana ujaribu flashi mchana, kwenye kifaa kilekile.

Uani, tundika shuka jeupe la upana wa mita mbili, ulifunge pembe zote nne na katikati ya kila upande. Lililofungwa juu tu huyumba na upepo. Nyuma yake weka kitambaa cheusi ili mwanga usipenye. Spika ikae chini ya shuka, si kando ya projekta. Anza saa moja na robo usiku, giza likishaingia. Projekta ya wati 80 na spika ya wati 20 kwa saa mbili hula wati-saa 200. Betri ya asidi ya volti 12, amp-saa 50, ina wati-saa 600. Ukitumia nusu tu ili isiharibike, na inveta ikapoteza kidogo, filamu moja inakwisha. Ya amp-saa 18 itazimika katikati.

Ukichagua tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, kumbuka sehemu nyingi za Uganda bado zina mvua, andaa chumba. Kama mzinga uko karibu, usirine jioni hiyo, maana nyuki waliosumbuliwa hufuata taa. Akiumwa mtu, ondoa mwiba papo hapo kwa kukwangua kwa ukucha, kwani unaendelea kusukuma sumu. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, hospitali bila kusubiri.

Baada ya filamu, waonjeshe asali ya sega. Aliye chini ya mwaka mmoja asilambishwe hata kidogo: asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wake bado hauwezi kuzizuia.