Kuchora Sura ya Mtu kwa Rangi za Mafuta kwa Mtindo wa Kale

Katika mtindo wa kale, sura hujengwa kwanza kwa mwanga na kivuli. Rangi ya ngozi huja baadaye, na haiwezi kukiokoa kichwa ambacho vivuli vyake viliwekwa kwa kubahatisha. Mketishe unayemchora karibu na dirisha moja au taa moja, iliyo juu kidogo ya kichwa chake na upande mmoja, ili pua iangushe kivuli kinachoeleweka shavuni. Taa mbili huvuruga kila kitu.

Pakaa turubai rangi ya kahawia hafifu, kwa sababu penye weupe mtupu kila rangi huonekana nzito kuliko ilivyo. Ikikauka, chora kwa mkaa. Mstari wa macho hupita karibu katikati ya kichwa, kati ya utosi na kidevu, ingawa wanaoanza huupandisha juu mno.

Kisha chukua amba, yaani rangi ya udongo wa kahawia, izimue kwa tapentaini kidogo, na ujaze vivuli vyote kwa pamoja. Tazama huku umefumba macho nusu: kope na mikunjo midogo vitapotea, na utaona kwamba giza la tundu la jicho limeungana na kivuli cha ubavu wa pua na kuwa umbo moja. Lichore umbo hilo, usichore jicho. Hatua hii ndiyo inayostahili muda wako mwingi kuliko zote.

Kwa ngozi, rangi nne zinatosha: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, ambazo huhusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi. Nyeusi iliyochanganywa na nyeupe, ikikaa kando ya nyekundu, huonekana kama buluu. Penye vivuli acha rangi iwe tabaka jembamba. Penye nuru weka tabaka nene.

Kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litatangulia kukauka na kupasuka. Mafuta ya kitani, yanayotumika katika rangi hizi, hukauka kwa kufyonza oksijeni, na jambo hilo hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa yanaweza kuwaka yenyewe, kwa hiyo yatandaze nje yakauke. Vanishi ya mwisho kwa kawaida husubiri miezi 6 hadi 12.