Pima diski kabla ya kulipia mpya

Ukipewa bei ya pedi za breki pamoja na diski (bamba la chuma linalobanwa na pedi) kwa wakala wa magari, mwombe fundi apime unene wa diski kwa venia (kifaa cha kupimia unene) mbele yako, alinganishe na namba iliyogongwa kwenye diski yenyewe baada ya herufi MIN TH, yaani unene wa chini unaoruhusiwa. Asipime kwenye ukingo. Pale pedi haifiki, kwa hiyo patasoma nene kuliko ukweli. Unene ukizidi namba hiyo kwa milimita moja au zaidi, kwa kawaida pedi tu zinatosha. Kutu ya juu juu, ambayo gari linalolala Raskazone, kando ya bahari Tanga, halikosi, hufutika ukikanyaga breki mara chache. Ila diski yenye ufa, mifereji ya kukwama kucha, au inayotetemesha pedeli, kipimo hakiiokoi.