Daraja la spageti: somo la mainjinia wanaosinzia mchana

Kama unafundisha uinjinia mwaka wa kwanza hapa Dodoma unaijua saa nane mchana, jua kali, vumbi dirishani, we uko ubaoni na mgandamizo (kitu kinapobanwa) na mvutano (kinapovutwa), nusu ya darasa imeshalala. Jaribu huu mchezo: wanafunzi wajenge daraja la spageti, alafu mlipime mpaka livunjike.

Nenda soko la Majengo chukua pakti za spageti, gundi ya moto, kamba, ndoo ndogo. Vizibo vya soda omba kwa mama wa mgahawa, hivyo ndo hela. Sogeza meza mbili ziachane sentimita 50, hilo ndo korongo lenu la kuvusha daraja, na makorongo ya huku kila mtu anayajua, asubuhi mchanga mtupu, mvua ikipiga jioni hupiti.

Makundi ya watu 4 basi. Mara ya kwanza niliweka 8, watatu wakajenga watano wakawa kwenye simu, alafu maksi sawa, wale watatu walininunia wiki nzima na haki yao.

Kila kundi vizibo 30: spageti 5 kwa kizibo, gundi kijiti kimoja vizibo 5. Muda wa kujenga ni saa moja na nusu. Kila dakika 20 rusha dadu, ikitoka 1 mvua imenyesha, mikono juu, hakuna kujenga dakika 5, ikitoka 6 gundi imepanda bei mara mbili (hapo utasikia kelele).

Kabla ya kupima kila kundi liandike kipande gani kitavunjika kwanza na kwa kilo ngapi. Nusu ya maksi itoke hapo, la sivyo anashinda aliyepaka gundi kila mahali.

Kupima: ning'iniza ndoo katikati, mimina maji nusu lita nusu lita taratibu, lita ni kilo, jumlisha na uzito wa ndoo. Chini weka beseni, maji yenyewe ya mgao. Mmoja arekodi kwa simu.

Sasa rudisheni video polepole. Mara nyingi utaona kijiti cha spageti cha juu kinajikunja kama upinde ndo kinakatika, vya chini vinavyovutwa vizima kabisa. Hapo ndo shika chaki: kijiti hichohicho ukikishikilia katikati kisiyumbe, mzigo wa kukikunja unapanda mara 4, Euler, mwanahisabati wa Uswisi, alishapiga hiyo hesabu karne ya 18.

Alafu raundi ya pili wiki hiyohiyo, vizibo 20 tu. Walimu wengi wanaishia ya kwanza eti kipindi kimeisha, yaani hapo umewachezesha tu, hujawafundisha, maana kubuni upya ukijua kilichovunjika ndo kazi yenyewe.

Na fagieni spageti zote, sisimizi wa hapa hawana utani.