Bangili ya Shaba na Maumivu ya Viungo: Namna ya Kuijaribu Nyumbani Bila Kujidanganya

Mimi ni mfua shaba. Bangili ndizo zinazonilisha. Nakata kipande cha waya mnene, nakipasha moto mpaka kiwe chekundu, nakizamisha majini, kisha nakigonga juu ya fuawe hadi kiwe bapa. Mwisho napitisha tupa kwenye ncha zake zisije zikachoma ngozi. Wengi wanaonijia hawatafuti urembo. Wananinyooshea mkono wenye vidole vilivyovimba na kuniuliza, "Fundi, hii inaponya?"

Miaka mingi nilikuwa nawajibu kwamba watu wanasema inasaidia. Ni kweli watu wanasema hivyo, lakini aliyeniuliza alikuwa anaumwa, na mimi nilikuwa na bidhaa ya kumuuzia. Jambo hilo lilinikosesha raha. Kilichonisukuma nitafute jibu la kweli ni mama mkubwa, dada yake mama yangu, ambaye amevaa bangili niliyomfulia na ambaye vidole vyake vinauma kila siku. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya naye, nawe unaweza kuyafanya nyumbani.

Anza na swali moja: hii metali inakaa wapi? Ikikaa juu ya ngozi nzima, kama bangili, pete au sarafu iliyofungwa kwa kitambaa, unaweza kuijaribu kwa utulivu. Ikiingia mdomoni, machoni, puani au kwenye kidonda, usiijaribu kabisa, hata siku moja, hata kama anayekupa ni mtu unayempenda. Zebaki iliwahi kuwekwa kwenye unga waliopewa watoto wanaoota meno. Watoto wakawa wekundu mikono na miguu, wakalia kwa maumivu, na wengine wakafa. Ugonjwa huo ulififia pale tu unga ule ulipoondolewa sokoni katika miaka ya 1950. Zebaki hiyohiyo bado inapatikana kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi, nayo huharibu figo. Wanja wa kienyeji mara nyingi husagwa kutokana na jiwe lenye metali ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto hujipangusa jicho, kisha hutia kidole mdomoni. Nayo maji yenye chembe za metali ya fedha, yanayouzwa kama dawa ya kila kitu, ukiyanywa kwa muda mrefu, fedha hutuama ndani ya ngozi, ukawa na rangi ya kijivu kinachoelekea buluu. Rangi hiyo haitoki. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa za aina hiyo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa zinafanya kazi.

Kwa hiyo ninayoyaeleza kuanzia hapa yanahusu kinachovaliwa tu.

Kabla ya kujaribu, elewa kwanza kwa nini macho yetu wenyewe hayatoshi. Maumivu ya viungo hupanda na kushuka. Mtu haji kwangu siku anayojisikia vizuri. Huja siku vidole vimekataa hata kufunga kifungo cha shati. Anavaa bangili siku hiyo, na baada ya wiki mbili maumivu yameshuka, kama ambavyo yangeshuka hata asingevaa kitu. Lakini mkononi kuna bangili, basi sifa inaiendea bangili. Hajasema uongo. Ameona mambo mawili yakifuatana, akayafunga pamoja.

Kuna kisa cha zamani ninachowasimulia wateja wangu mara kwa mara. Mwaka 1796 tabibu wa Connecticut, Marekani, aitwaye Elisha Perkins, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya vijiti viwili vya metali vyenye ncha. Ulitakiwa kuvipitisha juu ya mahali panapouma, navyo vingevuta maumivu yatoke. Watu walivinunua kwa wingi hadi Uingereza. Mwaka 1799, katika mji wa Bath, daktari John Haygarth alichonga vijiti vya mbao, akavipaka rangi vifanane na vile vya metali, akavitumia kwa wagonjwa watano wenye maumivu ya muda mrefu. Wanne kati yao walisema wamepata nafuu. Kesho yake akatumia vya metali kweli, na matokeo yakawa yaleyale. Wagonjwa wale hawakuwa wajinga. Nafuu waliyoisikia waliisikia kweli, ila haikutoka kwenye metali. Haygarth hakubishana na mtu. Alichonga mbao tu, akaangalia. Tangu nisikie kisa hicho nilijua tutakachofanya na mama mkubwa.

Unahitaji bangili mbili, watu wawili, daftari na sarafu ya kurusha. Bangili moja iwe ya shaba nyekundu. Ya pili iwe ya chuma kisichoshika kutu, kwa umbo lilelile. Usitumie shaba ya manjano kuwa ya pili, kwa sababu ni shaba iliyochanganywa na zinki, na anayeamini atakwambia kwamba shaba bado imo. Shaba ni nzito kuliko chuma, kwa hiyo ile ya chuma niliifanya nene kidogo mpaka mizani ikaonyesha gramu 28 kwa zote mbili. Kama hereni au saa za bei ndogo zimewahi kukuwasha, uliza kwanza iwapo chuma hicho kina nikeli, maana nikeli husumbua ngozi za watu wengi.

Sasa inakuja sehemu ngumu. Mvaaji asijue amevaa ipi, na wakati huohuo metali iguse ngozi, maana anayeamini anasema shaba hupenya kupitia jasho, na dai lake lazima tulipe nafasi ya haki. Tulifanya hivi. Mama mkubwa alikuwa anafumba macho na kugeuza uso. Binti yangu anamwosha kifundo cha mkono kwa sabuni, anamvalisha bangili, kisha anaifunika kwa bendeji pana mpaka isionekane hata ukingo. Hatua ya kuosha usiiruke. Shaba ikikutana na jasho huacha alama ya kijani kwenye ngozi, na alama hiyo ingetoboa siri yote. Shaba pia huacha harufu mkononi, kwa hiyo bendeji ibadilishwe kila mara. Kitu kingine nilikijua kwa kuwa nashika metali kutwa: shaba hupitisha joto upesi kuliko chuma, ikigusa ngozi huwa na ubaridi mkali zaidi. Binti yangu alikuwa anazishika zote mbili viganjani mpaka zipate joto la mwili, ndipo anavalisha mojawapo.

Zigawe wiki zako jozi jozi. Kila jozi, msaidizi anarusha sarafu kuamua ipi itatangulia, na jozi inapokwisha, zote mbili zimeshavaliwa wiki moja moja. Tulifanya jozi nne, yaani wiki 8. Msaidizi anaandika kwenye karatasi yake na kuificha. Mimi nilikaa mbali na karatasi hiyo kwa sababu ndiye niliyezifua bangili, na uso wangu ungeweza kusema lolote.

Kila jioni, saa ileile, mvaaji anaandika mambo matatu: maumivu ya siku kwa alama kuanzia 0 hadi 10, asubuhi vidole vilikuwa vizito kwa dakika ngapi, na kazi moja ya mkono ilivyokwenda. Mama mkubwa alichagua kufungua kifuniko cha chupa. Mwisho wa wiki anaandika pia anadhani alikuwa amevaa ipi. Akipatia karibu kila mara, ujue siri imevuja, na jaribio lirudiwe. Kitu ambacho hakitakiwi kubadilika katika wiki hizo ni dawa. Kama daktari amekupa dawa, endelea nayo vilevile. Bangili inajaribiwa juu ya dawa, haikai mahali pa dawa.

Msitazame daftari katikati. Hapo ndipo moyo huanza kulisaidia jaribio.

Wiki ya tatu mama mkubwa alikuwa mchangamfu sana. Kifuniko kilifunguka siku tano kati ya saba, akaniita na kuniambia, "Mwanangu, shaba imeanza kazi." Nilitaka kuamini. Natamani mtu aelewe jinsi nilivyotaka kuamini, kwa ajili yake na kwa ajili ya kazi ya mikono yangu.

Wiki ya nane ilipokwisha tulikaa mezani sote watatu. Tulijumlisha alama za wiki za shaba, tukagawanya kwa siku 28, wastani ukatoka 5. Za chuma zikatoka 5 kasoro kidogo. Wiki ya tatu, ile ya furaha, ilikuwa ya chuma. Makisio yake alipatia mara nne kati ya nane, sawa na mtu anayerusha sarafu.

Mtu mmoja kwa wiki 8 hathibitishi jambo kwa dunia nzima. Lakini jibu letu linalingana na la waliojaribu kwa upana zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, wakiongozwa na Stewart Richmond, waliwavalisha bangili za shaba na kanda za sumaku, ambazo nazo huvaliwa kwa imani ileile, watu 45 wenye kuchakaa kwa viungo, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Mwaka 2013 wakatoa ya watu 70 wenye baridi yabisi ya uvimbe, waliovaa vifaa vinne tofauti kwa zamu kwa miezi mitano. Mara zote mbili, vifaa halisi havikuwapita vile vya kuigiza kwa kiasi chochote cha maana, iwe kwa maumivu au kwa matumizi ya dawa.

Kuna hoja mbili nitazijibu, kwa kuwa husemwa na watu waaminifu. Ya kwanza ni kwamba bangili hupungua kadiri inavyovaliwa, kwa hiyo shaba imeingia mwilini. Inapungua kweli, mimi mwenyewe nimezipokea zimekonda. Lakini zinaliwa na mikono ya shati, sabuni, jasho na kingo za meza. Mtu mzima anahitaji kiasi cha miligramu 0.9 za shaba kwa siku, na chakula cha kawaida kinampa. Ya pili ni kwamba sumaku huvuta chuma kilichomo kwenye damu. Chuma hicho kimefungwa ndani ya chembe za damu na hakivutwi kama msumari. Ingekuwa kinavutwa hivyo, ngozi iliyo chini ya sumaku ingekuwa nyekundu muda wote. Aliyewekewa kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo asiweke sumaku karibu na kifua, maana inaweza kukivuruga.

Asije mtu akafikiri nasema metali haitibu. Zipo zinazotibu, na zimepita kwenye jaribio lilelile tulilofanya sisi, kwa ukubwa na ukali zaidi. Chuma hutibu upungufu wa damu unaotokana na kukosa chuma. Zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa, ndiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walioipendekeza mwaka 2004 kwa mtoto anayeharisha. Aliye chini ya miezi sita alipangiwa 10. Lithiamu hutuliza maradhi ya akili yanayompandisha na kumshusha mtu, tangu daktari John Cade wa Australia aandike habari zake mwaka 1949. Hata dhahabu: daktari Mfaransa Jacques Forestier aliandika mwaka 1929 habari za kuwadunga wenye baridi yabisi sindano za chumvi ya dhahabu, na dawa hizo zilitumika miongo mingi. Lakini ilikuwa dhahabu ya sindano, yenye kipimo, na ya kufuatiliwa na daktari kwa sababu ilikuwa ikidhuru figo na ngozi. Pete ya dhahabu haifanyi hivyo.

Nenda kwa daktari upesi kama vidole vya mikono yote miwili vimevimba pamoja, au kama kila asubuhi vinakuwa vizito kwa zaidi ya saa moja. Baridi yabisi ya uvimbe hula kiungo kimyakimya, na kiungo kilichokwisha kulika hakirudi. Miezi inayopotea kwa kusubiri bangili ifanye kazi ndiyo inayoniumiza zaidi. Nimewaona wateja wanaorudi na vidole vimepinda, bangili yangu ingali mkononi.

Ukiamua kuvaa kwa sababu unaipenda, vaa iliyo wazi upande mmoja, ili mkono ukivimba itoke bila kukatwa. Ivue usiku. Alama ya kijani haidhuru, hutoka kwa sabuni. Bangili yenyewe husafishwa kwa ndimu na chumvi, kisha isuuzwe na kukaushwa.

Mama mkubwa alilitazama daftari kwa muda, akafunga kurasa, akanyoosha mkono wake wa kushoto. "Nivalishe ile ya shaba," alisema. "Umeifua wewe." Nikamvalisha. Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwa daktari, naye akaivua alipokwenda kupigwa picha ya mikono, akanipa niishike.