Kumchana Briard bila kumnyoa: mwongozo wa hatua kwa hatua

Nimeandika haya baada ya kumsaidia rafiki ambaye mbwa wake wa aina ya Briard alikuwa amejaa madonge ya manyoya, na kila aliyemwomba ushauri alimjibu: mnyoe. Kunyoa kunamaliza shida ya leo tu. Manyoya yataota tena, na asiyejua kuchana atarudi kulekule.

Hatua ya 1: Mjue kabla hujamchukua

Briard ni mbwa mchungaji wa Ufaransa. Dume husimama sentimita 62 hadi 68 begani, jike 56 hadi 64. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia jeshi la Ufaransa lilimtumia kupeleka ujumbe na kutafuta majeruhi, kwa hiyo usidhani umepata pambo la sebuleni. Huyu amezoea kuamua mwenyewe mbele ya kundi. Akikosa kondoo atawachunga watoto wako: atawazunguka, atawasukuma kwa pua, pengine atawadonoa visigino.

Anayekuuzia akuonyeshe vipimo vya wazazi: picha za eksirei za nyonga, na kipimo cha jeni (chembe ya urithi) iitwayo RPE65. Mtoto wa mbwa akirithi nakala mbovu ya jeni hiyo kwa baba na kwa mama, hupata upofu wa usiku. (Mbwa wenye ugonjwa huu ndio waliofungua njia ya tiba ya jeni kwa binadamu wenye upofu unaotokana na RPE65, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017.) Hana karatasi? Achana naye.

Hatua ya 2: Mpe kazi

Mzoeshe watu, sauti na wanyama wengine angali mdogo. Usimpige, Briard ana kumbukumbu ndefu. Mazoezi ya kutafuta kwa kunusa humtuliza kuliko kukimbizwa tu. Tena mtoto wa mbwa mkubwa hivi asilazimishwe kukimbia masafa marefu kabla mifupa haijakomaa.

Hatua ya 3: Kuchana

Hapa ndipo watu hukwama, kwa sababu mbwa anaweza kuonekana amechanwa vizuri huku chini kumeshikana. Manyoya ya juu ni marefu na makavu kama ya mbuzi. Chini yake kuna mengine laini, na hayo ndiyo yanayojisokota. Brashi ikipita juu juu inateleza tu.

Vifaa ni vitatu: brashi yenye meno membamba ya waya, kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na ya karibu upande mwingine, na chupa ya kupulizia yenye maji na dawa kidogo ya kulainisha manyoya. Ningeambiwa nibaki na kimoja, ningebaki na kitana, maana hakidanganyi. Brashi za plastiki wape wengine.

Mlaze ubavu. Anzia chini, kwenye mguu. Kwa mkono mmoja inua manyoya yote yaliyo juu uyashikilie, uache mstari mwembamba mpaka uone ngozi. Pulizia, piga brashi kutoka shinani kwenda nje, kisha shusha mstari mwingine. Panda hivyo mpaka mgongoni. Brashi isikwaruze: ijaribu kwanza kwenye upande wa ndani wa mkono wako. Ukimaliza sehemu, pitisha kitana toka kwenye ngozi. Kikikwama, hujamaliza, hata kama macho yanakuambia umemaliza.

Usisahau nyuma ya masikio, makwapani, kinenani, chini ya kola na katikati ya vidole. Donge lipasue kwa vidole, ukianzia kwenye ncha, ukinyunyizia wanga wa mahindi ili nywele ziteleze. Lililogandamana na ngozi usilikate kwa mkasi! Ngozi huvutwa ndani ya donge na utaikata bila kujua. Tumia mashine ya kunyolea, taratibu, mahali hapo tu.

Na usimwoshe kabla ya kumchana. Donge likilowa hukaza. Chana, osha, suuza mpaka povu liishe, kausha hadi kwenye ngozi, chana tena.

Mbwa aliyekomaa humtosha mara mbili au tatu kwa wiki. Kijana anayebadilisha manyoya ya utoto, mchane kila siku, na usikate tamaa. Kipindi hicho hupita.

Hatua ya 4: Kucha za nyuma

Kila mguu wa nyuma una vidole viwili vya ziada, na ndivyo Briard anavyotakiwa kuwa. Kucha zake hazigusi ardhi, kwa hiyo hazisagiki. Hujikunja na kuingia nyamani. Zitafute kwa vidole ndani ya manyoya, uzikate.

Hatua ya 5: Chakula

Mgawie milo miwili au zaidi kwa siku, na asikimbizwe mara baada ya kula. Kifua chake ni kirefu, na mbwa wa umbo hilo tumbo huweza kujaa gesi na kujipinda. Ukimwona tumbo limevimba, hatulii, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa ileile, hata kama ni usiku wa manane.